Nyungunyungu wa Ngazi ya Juu

Umma unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba Idara ya Mwitikio wa Watumishi imekamilisha utafiti wake mkuu kuhusu neva, na kwamba hakuna nyungunyungu aliyeumia. Aliyeumia ni mmoja tu, na yeye si nyungunyungu. Hali yake inaendelea vizuri.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Nasema hivyo mapema kwa sababu maneno mengi yamezagaa mitaani, na wengi wanaoyasema hawajawahi hata kushika brashi. Wapo wanaodai kwamba tulikuwa tunawalewesha minyoo kwa kodi za watu. Huo ni uzushi. Pombe ilitoka nyumbani kwa Mhasibu kwa hiari yake mwenyewe, na iliyobaki aliondoka nayo. Nitaeleza mambo yote kama yalivyokwenda, hatua kwa hatua, kama ilivyo desturi ya ofisi yetu, isipokuwa safari hii nitafika mwisho.

Chanzo ni malalamiko. Wananchi walilalamika kwamba ukifika dirishani kwetu, karani hainui uso. Unakohoa, hainui. Unasema, "Samahani, dada," hainui. Bibi mmoja alieleza kwamba alisimama pale mpaka akaanza kushuku kuwa ameshafariki na watu wanaona haya kumwambia. Habari zikamfikia Waziri. Waziri akamuuliza Mkurugenzi wetu kwa nini watumishi hawaitikii. Mkurugenzi akalitafakari swali hilo msimu mzima wa mvua, na jua lilipoanza kuwaka akajibu kwamba tatizo ni neva.

Inafaa nimweleze kidogo Mkurugenzi. Ni mtu mzito, mwili na maamuzi. Wenye midomo yao humwita Bwana Baadaye, mimi sijawahi, isipokuwa nyumbani. Daktari alimpiga marufuku chai kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na tangu siku hiyo akawa hawezi kupita karibu na jiko letu lililoko mwisho wa ujia bila kukunja uso. Kila asubuhi harufu ya chai yenye tangawizi hupita chini ya mlango wake bila kubisha hodi. Yeye hukaa humo ndani na glasi yake ya maji ya uvuguvugu, anasikia vikombe vinagongana na watu wanacheka. Mtu yeyote angefikia uamuzi aliofikia yeye.

Alituita akatuambia kwamba chai ndiyo inayolaza neva za watumishi. Wanakunywa, wanalegea, halafu mwananchi anakuta magunia ya viazi yamevaa tai. Mhasibu, ambaye ana tabia ya kuuliza, akauliza kama si vizuri tufanye utafiti kwanza. Mkurugenzi akasema ni lazima ufanyike, tena wa kina, ili igundulike kwamba ni chai.

Hapo mimi nikajikuta nimekaa kwenye kaa la moto. Jiko lile linaendeshwa na mama mkwe wangu.

Wasomaji wenye wakwe watanielewa, wasio nao wamshukuru Mungu. Mama ni mjane. Kwa birika lile alimsomesha mke wangu, akamwoza, na aliyemwoa ndiye mimi, na nyumba tunayokaa ni yake. Mwanaume anayekaa ukweni ana usemi kama wa mgeni wa jana. Jiko likifungwa, Mama angerudi nyumbani mikono mitupu, angekaa sebuleni mchana kutwa, na kila nikiingia angenikuta na kosa langu usoni. Mke wangu alinipa msimamo wake wakati ananikunjulia kola. Alisema, "Jiko la mama likifungwa, na langu limefungwa. Utakula huo utafiti." Nilimwambia kwamba mtumishi wa umma haongozwi na tumbo. Yeye akaendelea na kola.

Kamati ikakaa. Swali la kwanza lilikuwa nani apimwe. Chama cha wafanyakazi kilikataa katakata makarani wao wadonolewe. Mtu akapendekeza panya, lakini panya wa masijala yetu wamekaa muda mrefu kuliko watumishi wengi, na Mhasibu aliona itakuwa kuwavunjia heshima. Ndipo tukamwazima mwalimu wa sayansi kutoka shule jirani, mwanamke mkavu wa maneno, mwenye saa ya kupimia wanariadha iliyoning'inia shingoni. Alitueleza kwamba wanafunzi wake hutumia nyungunyungu. Nyungunyungu, alisema, ana neva nene iliyopita mwili mzima, na ukimgusa mkiani kwa brashi laini hujivuta papo hapo. Unamwekea tone la kitu kilichozimuliwa, unamgusa, unabonyeza saa, unaona amechelewa au amewahi. Kisha unamwosha kwa maji, unamrudisha udongoni, naye anaendelea na maisha yake.

"Bila barua?" Mhasibu akauliza.

"Bila barua," Mwalimu akasema.

Nyungunyungu wenyewe tuliwapata nyuma ya jengo, chini ya bomba linalovuja, ambalo Idara kwa kuona mbali haikuwahi kulitengeneza. Udongo wa pale haukauki. Mwalimu alichimba kwa kijiko cha jikoni, akawatoa wanono, wekundu, wenye afya kuliko sisi.

Nilipompelekea Mkurugenzi taarifa ya maendeleo, aliuliza swali ambalo mwanasayansi wa kawaida asingelifikiria. Aliuliza minyoo hao wana vyeo gani. Nikasema hawana. Akanitazama kwa masikitiko. Alisema utafiti juu ya watumishi lazima uwakilishe kada zote, la sivyo matokeo ya mnyoo wa chini yatatumika kwa mtu wa juu, na hapo nidhamu imekwisha. Kamati ikakaa tena. Tukawapanga. Wembamba wakawa makarani. Wa wastani wakawa maofisa. Mmoja mwenye rangi iliyopauka akawa Uhasibu, kwa kuwa alikuwa hatulii mahali. Na Mkurugenzi akashuka mwenyewe hadi chumba cha utafiti kuchagua wa Ngazi ya Juu. Alichagua yule mnene kuliko wote, akamwangalia kwa muda, akasema ana sura ya utu uzima.

Kila kada ikapimwa kwa inachotumia. Mwalimu alisema huo si utaratibu wa sayansi, kwamba inatakiwa nyungunyungu wafanane na kitu kinachobadilika kiwe kimoja tu. Tukamshukuru kwa mchango wake. Hata hivyo alisisitiza wawepo wa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha, nasi tukakubali, tukawaita hao Vibarua.

Sasa matokeo. Vibarua wa maji waliguswa, wakajivuta, hawana makuu. Makarani waliowekewa tone la chai walijivuta kabla brashi haijatulia. Tulirudia, ikawa vile vile. Maofisa waliowekewa kahawa waliwahi zaidi, halafu wakakataa kukaa kwenye sinia, mmoja tukamkuta anapanda ukingo. Waliowekewa maji ya ugoro walihangaika kidogo kisha wakalegea. Soda haikuleta jipya isipokuwa kunata. Wa Uhasibu aliyewekewa pombe aliguswa mkiani akasogeza kichwa, na Mhasibu akasema kimya kimya kwamba hilo analielewa.

Akabaki wa Ngazi ya Juu. Mwalimu akauliza Mkurugenzi hutumia nini. Nilipanda kumuuliza. Alijibu kwamba hatumii chochote isipokuwa kazi. Nikabaki nimesimama, kwa heshima, nikiitazama chupa iliyokuwa mezani pake. Akasema, ah, hiyo ni dawa ya kikohozi tu, ya maji, huinywa kijiko kimoja kifua kikibana. Nikajua kwamba kifua chake hubana mara kwa mara, hasa baada ya chakula cha mchana, kwa sababu muda huo mlango wake hufungwa na hakuna anayeruhusiwa kuingia, na sauti inayotoka humo si ya mtu anayesoma. Nikaomba kidogo kwa ajili ya sayansi.

Mwalimu aliizimua kwa maji mengi, akaweka tone. Tukasubiri. Nyungunyungu wa Ngazi ya Juu akajinyoosha taratibu kwenye karatasi yenye unyevu, akatulia. Mwalimu akamgusa kwa brashi. Hakujivuta. Akamgusa tena. Hakujivuta. Akamgusa kichwani, ambako kwa kawaida hata Kibarua hakubali.

Mhasibu akauliza kwa sauti ya msibani kama amekufa. Mwalimu akainama, akaonyesha mstari mwekundu unaopwita chini ya ngozi. Mzima kabisa, alisema, ila neva zake hazina habari na sisi. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu. Ukweli lazima uandikwe, lakini ukweli nao una mavazi yake. Nikaandika: *Anatafakari.*

Mwalimu alimwosha kwa maji safi, na baadaye kidogo yule mnene akaanza kujikunjakunja kama kawaida. Mimi nikapanda juu na moyo mwepesi. Chai imeshinda, nilijiambia, jiko limepona, nami nimepona nalo. Nikamsomea Mkurugenzi kwamba waliopewa chai waliitikia upesi kuliko Vibarua wa maji, na kwa hiyo chai hailazi neva. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja mikono juu ya tumbo lake.

"Upesi kiasi gani?" akauliza.

"Kabla brashi haijatulia, Mkurugenzi."

"Yaani kabla hata hajajua aliyemgusa ni nani."

"Ndiyo."

"Hiyo ni papara," akasema. "Nilijua tu. Chai inawatia watu wangu papara. Mtumishi anayeitikia kabla ya kuelekezwa ni hatari kwa taasisi. Ipigwe marufuku."

Nilimkumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba mwanzoni tulisema chai inalegeza. Alinijibu kwamba mwanzoni tulikuwa hatujafanya utafiti. Kisha akataka kujua kama hapakuwa na hata mmoja aliyeonyesha utulivu. Nikasema alikuwepo mmoja, aliguswa mkiani na kichwani wala hakushtuka.

"Huyo ndiye mtumishi bora," akasema Mkurugenzi. "Anawakilisha nani?"

"Wewe, Mkurugenzi."

"Nilijua," akasema, akaangalia dirishani kwa muda mrefu.

Agizo likatoka hapo hapo. Waziri aalikwe kushuhudia matokeo ukumbini, na siku hiyo hiyo, mbele yake, itangazwe kwamba jiko la chai linafungwa na chumba kigeuzwe stoo ya viti vibovu. Pendekezo niliandika mimi. Mkono wangu una mwandiko mzuri, na siku ile niliuchukia.

Nilimwambia Mama jioni, kabla hajasikia kwa wengine. Nilianza na shikamoo, nikamalizia na kanuni za utumishi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua tangawizi za kesho, akizikwaruza ganda kwa kijiko. Hakuacha kukwaruza. Nilieleza papara, nikaeleza kada, nikaeleza namna tone linavyowekwa. Nilipofika kwenye stoo ya viti akaweka kijiko chini.

"Mkwe," akasema, "mimi nimekukosea nini?"

Nilisema si mimi, ni Kamati. Akaniuliza Katibu wa Kamati hiyo ni nani. Nikamtajia. Niseme wazi kwamba nilimwonea huruma, na kwamba nilijionea huruma zaidi kidogo, maana mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Mama akaziokota tangawizi zake. Akasema kama ni amri, atafunga, hajawahi kugombana na mtu mkubwa na hataanza uzeeni. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Siku hiyo ya Waziri, wageni watakunywa nini? Mwongozo wetu wa kupokea viongozi uko wazi, kiongozi hapokelewi mkavu, lazima chai. Nikalipeleka swali kwa Mkurugenzi. Baada ya kukuna kidevu akaamua kwamba chai itolewe mara ya mwisho kwenye hafla ya kuipiga marufuku, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

Siku ikafika. Ukumbi ulifutwa vumbi hadi lile la zamani. Masinia yalipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kila nyungunyungu na kibao chake: Karani, Ofisa, Uhasibu, Kibarua. Wa Ngazi ya Juu aliwekwa kwenye sinia lake peke yake, lenye maua pembeni, na tone lake la dawa alishapewa ili awe katika hali yake ya kikazi. Mkurugenzi alikaa mbele kwenye kiti chenye mikono, suti mpya, tai imemkaba. Makarani walijaa nyuma. Walikuwa na nyuso za watu waliokuja kuzika.

Waziri alichelewa, kama inavyostahili cheo chake. Mkurugenzi akaanza kukohoa. Mimi nadhani ni hofu, yeye alisema ni mapazia. Akatoa chupa mfukoni, akanywa kidogo. Tukasubiri. Akakohoa tena, akanywa tena, safari hii bila kijiko. Waziri akapiga simu kwamba yuko njiani, maana yake alikuwa bado nyumbani. Mkurugenzi akanywa ya kutuliza subira.

Hatimaye Mheshimiwa Waziri akaingia, mama mfupi, mwepesi wa miguu, anayeuliza swali akiwa bado anatembea. Hotuba zikasomwa. Nikasoma ripoti kwa sauti yangu ya kazini. Nilipofika mahali pa papara, Waziri akaniinulia mkono, akasema maneno ameyasikia, anataka kuona. Mwalimu akampa brashi.

Akamgusa Karani wa chai. Karani akajivuta haraka hivi kwamba Waziri mwenyewe alirudi nyuma nusu hatua. Akacheka. Akasema angependa kuwa na makarani wa namna hiyo. Huko nyuma mtu akapiga makofi, akanyamazishwa. Akamgusa Kibarua, akaridhika. Kisha akafika kwenye sinia lenye maua. Akagusa mkia. Akagusa kiuno. Akagusa kichwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ngazi ya Juu, Mheshimiwa," nikasema.

"Mbona haitikii?"

"Anatafakari."

"Amepewa nini?"

Swali hilo lilikuwa la Mkurugenzi kujibu, si langu, nami nikamgeukia kwa heshima. Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya tumbo, macho yamefunguka nusu. Ni ustadi aliojifunza katika mikutano mingi. Ni mimi tu ninayemfahamu niliyetambua kwamba ndani ya yale macho hamkuwa na mtu.

"Mkurugenzi," Waziri akaita. Hakuitikia. Waziri akaita tena, kwa sauti anayotumia bungeni. Kimya. Basi akamsogelea, na kwa kuwa brashi ilikuwa bado mkononi, akamgusa kwayo mkononi. Hakujivuta. Akamgusa shavuni. Akamgusa nyuma ya sikio, mahali ambapo mtu yeyote aliyezaliwa na mama hutekenyeka. Nikasikia kitu kikilia *ti*. Mwalimu, kwa mazoea, alikuwa amebonyeza saa.

Mhasibu alitazama dari. Walinzi wa Waziri walitazamana. Nami wakati huo nikamwona Mama mlangoni. Alikuwa na sinia la vikombe, kilemba cheupe, ile aproni anayoivaa kwa wageni tu, na uso wa mtu anayefanya jambo kwa mara ya mwisho na ameamua kulifanya vizuri. Alisimama asijue aingie au asubiri.

Katika utumishi wangu wote sijawahi kusema neno kikaoni bila kuulizwa. Lakini mdomo, wenyewe, ukafunguka.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa mujibu wa utaratibu wa utafiti huu, aliyeguswa asiitikie hupimwa kwa kitu kinachochunguzwa."

Waziri akanitazama. "Kitu gani?"

"Chai, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Waziri akafikiri kidogo, akaguna, akasema, "Apimwe."

Mama akaingia. Hakuangalia kulia wala kushoto. Akamimina kikombe kimoja kutoka juu, kama anavyomimina siku zote, mpaka povu likatokea, akaenda nacho hadi kwenye kiti chenye mikono, akakiweka chini ya pua ya Mkurugenzi. Mvuke ukapanda. Kwanza ikatikisika pua. Kisha masharubu. Kisha mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe kutoka tumboni, ukatafuta hewani, ukakipata kikombe.

"Mama," akasema Mkurugenzi, macho bado yamelala, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika jengo lile, "niongezee sukari."

Mama akamwongezea. Akanywa fundo la kwanza, la pili, akamaliza kikombe chote, na machozi mawili yakamteremka mashavuni. Halafu akafumbua macho, akamwona Waziri na brashi yake. Nasema kwa kiapo kwamba sijawahi kumwona mtu akisimama upesi namna ile. Pale pale aliitikia jina lake, akajibu kwa nini dirisha letu lina foleni, akajibu kwa nini bomba la nyuma linavuja, na akajibu maswali mengine ya Waziri ambayo yalikuwa mezani pake tangu kabla ya mvua. Alijibu yote kwa ufasaha. Alipokwisha akauliza kama birika lina kingine.

Mwalimu akatangaza kwamba sampuli ya binadamu imeitikia, na kwamba kwa tahadhari ya kisayansi hawezi kusema ni chai au ni sukari au ni Mama. Kamati ikapokea matokeo hayo bila marekebisho.

Waziri hakusita. Aliamuru jiko libaki, birika linunuliwe kubwa zaidi, na stoo ya viti vibovu itafutwe kwingine. Mkurugenzi akahamishiwa dirishani, yeye mwenyewe, na chupa yake ikabaki kwa Mwalimu. Pembeni ya dirisha pamefungwa brashi kwa kamba. Mwananchi akisimama bila kuangaliwa, ananyoosha mkono na kugusa. Daktari amemruhusu kikombe kimoja kwa siku, chenye maziwa mengi, baada ya Mama kwenda kuzungumza naye. Kwa mara ya kwanza foleni yetu inasogea, ingawa wapo wanaokuja hawana shida yoyote, wanagusa tu na kuondoka. Mke wangu amenifungulia jiko. Mama ananiita mwanangu, na hunimiminia kwanza.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea kabla hafla haijafungwa. Waziri alipanda jukwaani, akasema amejifunza kwamba tatizo la nchi si makarani, na kuanzia siku hiyo watu wote wa ngazi za juu, katika ofisi zote, watapimwa kwa brashi hadharani. Makarani walishangilia mpaka nyungunyungu wakajikunja kwenye masinia. Wakati makofi yanapungua, Mwalimu akanyanyua mkono.

"Mheshimiwa," akasema, "wote, maana yake ni pamoja na mawaziri?"

Waziri alimtazama. Akatazama brashi aliyokuwa ameishika, akaiweka polepole juu ya meza. Akasema hilo ni swali zuri sana. Akanyoosha kilemba chake, akateremka jukwaani, akatoka na walinzi wake, na gari likaondoka.

Nimemwandikia barua ya kumkumbusha, na nyingine ya kukumbushia ile ya kwanza. Mwalimu amerudi shuleni kwake, anafundisha kama kawaida. Siku ile alipouliza swali lake alibonyeza saa, na mpaka ninapoandika taarifa hii hajaizima.